Shingo ya Nguruwe na Makanisa Tisa ya Lumban Sirpang

Marolop Sinambela,
Kijiji cha Lumban Sirpang,
Kando ya Ziwa Toba.

Kwa Ndugu Katibu,
Baraza la Makanisa la Wilaya.

YAH: KWA NINI UKRISTO UMEGAWANYIKA (JIBU SAHIHI)

Ndugu Katibu,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, ambaye kwa kadiri ninavyofahamu bado ni mmoja. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama yangu mzazi, ambaye ndiye sababu ya barua hii, na mguu wangu wa kulia wenye jongo, ambao si sababu.

Mwezi uliopita ofisi yako ilituletea semina. Mgeni wako, daktari wa theolojia mwenye viatu vilivyochongoka, alisimama mbele yetu kwa muda wa saa tatu akitufundisha kwa nini Ukristo una madhehebu mengi kiasi hiki. Alianza na mashariki na magharibi. Akaja kwa maaskofu waliogombana kwa Kigiriki, akaja kwa yule mtawa wa Ujerumani, akamalizia na wanaobatiza kwa maji mengi na wanaobatiza kwa maji machache. Tulimsikiliza kwa adabu, tukampa kahawa na mihogo ya kukaanga. Alipoondoka, jirani yangu Baba Gomgom akanigeukia: "Baba Sabungan, huyu msomi wa watu, mbona habari ya shingo hakuigusa kabisa?" Nikamjibu, "Hajui, maskini. Nani angemwambia?" Basi mimi ndiye ninayemwambia, kupitia kwako.

Naomba nijitambulishe. Kwa miaka thelathini na minne mimi ndiye mkata nyama wa shughuli zote za bonde hili, arusi, misiba na mavuno. Nguruwe akichinjwa, kila mtu ana kipande chake kwa nafasi yake. Taya ni la wakwe waliotuoza, mbavu za wageni waalikwa, mkia na kiuno vya wenye shughuli, na shingo ni ya kanisa lililoombea chakula. Mgao huo tunauita jambar. Anayepewa kipande chake husimama, hushukuru kwa hotuba ndefu, nasi tunaitikia "Horas!", yaani heri na uzima. Anayepewa kipande kisicho chake hususa. Usidhani ni ulafi, Ndugu Katibu. Wengine wakifika nyumbani nyama yenyewe wanampa mbwa. Ni heshima, na heshima huku kwetu inapimwa kwa kisu changu.

Sasa fanya hesabu. Kijiji kina kaya sitini na mbili na makanisa tisa. Baba yangu alipokuwa mtoto kanisa lilikuwa moja, lile la mawe, na nguruwe alikuwa na shingo moja. Makanisa yameongezeka. Nguruwe yuko vilevile. Naamini umeanza kuliona tatizo.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kanisa la pili lilizaliwa siku tulipomaliza paa jipya la kanisa la mawe. Nguruwe wa sherehe alitolewa na mzee wa kanisa, Jaulung. Mimi nilifuata utaratibu: shingo nikampa mchungaji, Jaulung nikampa mbavu, tena mbavu nzuri zenye mafuta. Jaulung aliziangalia, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani, "Mimi nimemlea huyu mnyama miezi kumi na minne. Mchungaji amelea nini? Kitambi?" Akasusa. Aliondoka na familia kumi na moja, na kabla ya Krismasi walikuwa na kanisa lao, kengele yao na katiba ya kurasa arobaini kuhusu mamlaka ya maaskofu. Nimeisoma yote. Shingo haikutajwa hata mahali pamoja. Lakini mimi nilikuwepo, Ndugu Katibu, na kisu kilikuwa mkononi mwangu.

2. Kanisa la tatu ni la mpwa wake Jaulung, aliyerudi kutoka mjini na gitaa. Kwenye sikukuu ya mavuno mjomba na mpwa wote wawili waliombea chakula, kila mmoja akijaribu kumpita mwenzake kwa urefu. Mimi, kwa kutaka haki, niliipasua shingo katikati. Bahati mbaya mfupa ulibaki upande wa mjomba. Wiki haikuisha, mjomba akagundua kwamba ubatizo wa mpwa wake ni batili, na mpwa akagundua kwamba mjomba hakubatizwa kabisa, alinyunyiziwa tu kama kabichi. Tangu siku hiyo kundi la mpwa hubatiza kwa kuzamisha watu ziwani, hata msimu wa baridi. Wawili walishikwa na kichomi. Mgeni wako aliliita hilo suala la kiteolojia.

3. Walipokuja wale wanaosali Jumamosi, nilifurahi kupita kiasi. Hawali nguruwe! Nilimwambia mke wangu, "Mama Sabungan, hatimaye tumepata Wakristo." Lakini mtu huwezi kumwalika kwenye shughuli ukamwacha mikono mitupu, kwa hiyo wao hupewa samaki mkubwa wa ziwani aliyepikwa na manjano na pilipili ya mlimani. Samaki hana shingo, Ndugu Katibu. Nilimpa mchungaji wao kichwa. Shemasi wao nikampa kilichobaki, naye akainua sahani watu wote waone: "Kwa hiyo mimi ndiye mkia, siyo?" Leo makanisa ya Jumamosi ni mawili. Moja huanza Sabato jua likizama nyuma ya mlima wa huku, jingine likizama nyuma ya mlima wa kule. Tofauti yao ni dakika kumi na moja, na kwa dakika hizo kumi na moja hawaoani.

4. Makanisa manne yaliyobaki sitayaeleza yote, nisije nikakuchosha. Moja lilizaliwa kwa sababu mchungaji hakuhudhuria arusi, shingo yake ikatumwa nyumbani kwa mkono wa mtu, ikafika imepungua. Jingine lina waumini watatu: mwanzilishi, mke wake na mama mkwe. Nasikia mama mkwe naye ameanza kununa, kwa hiyo ile tisa niliyoiandika hapo juu iandike kwa penseli.

5. Makanisa yote tisa yanatumia kitabu kimoja cha nyimbo. Majalada tu ndiyo tofauti. Jumapili saa nne asubuhi, saba kati yao huimba kwa wakati mmoja, kila moja na kipaza sauti chake, na mara nyingi ni wimbo uleule, mmoja yuko ubeti wa kwanza na mwingine yuko wa nne. Mama yangu anausikia akiwa kitandani. Anajaribu kuwafuata wote, maskini, mpaka pumzi inamkatika.

6. Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mama ana miaka themanini na saba. Anaishi kwenye nyumba ya zamani, mkabala na yangu, uwanja tu ndio unatutenganisha, na binti yangu Tiarma analala kwake kumwangalia. Alituzaa wanne. Mimi niko kanisa la mawe. Mdogo wangu Bonar yuko kwa Jaulung. Dada yetu Lamria yuko kwa wale wa kuzamishwa. Kitindamimba wetu Pardamean, ambaye jina lake maana yake ni amani, ni mzee wa kanisa katika lile la shingo iliyopungua.

Unajua desturi. Mzazi akishazeeka, na watoto wote wameoa na kuolewa, wanakusanyika siku moja wanamlisha kwa mikono yao wenyewe, naye anawabariki mmoja mmoja. Lazima wawepo wote. Akikosekana mmoja, ni kama mama hakumzaa. Na lazima ifanyike angali anaweza kumeza. Mama amekuwa akituomba jambo hili tangu kabla ya mavuno ya mwaka jana, na tangu hapo kumeza kwake kumezidi kuwa kwa shida kila mwezi.

Mara ya kwanza tuliahirisha kwa sababu wachungaji wanne walishindwa kukubaliana nani aanze kuomba. Mara ya pili, mwezi wa tano, tulikubaliana waombe wote. Waliomba wote. Tulianza kuomba mchuzi ukiwa unatoa moshi, tukamaliza umeganda. Mimi nilikuwa nimeikata shingo vipande vinne kwa kupima na rula ya shule ya mjukuu wangu, kwa sababu sikutaka lawama. Haki ya Mungu, vilikuwa sawasawa. Mchungaji wa Pardamean akakiinua cha kwake: "Hii ni nini? Kola ya shati?" Bonar akadakia, "Kaka yetu ndivyo alivyo. Mchungaji wake ananenepeshwa, wetu wanaonjeshwa." Nikamwambia Bonar maneno ambayo sitayaandika kwenye barua inayokwenda ofisi ya kanisa. Pardamean akapindua sahani. Lamria akapiga kelele, "Hivi nyie hamna haya? Mama yuko hapa!" Kisha naye akaondoka, maana mchungaji wake alikuwa ameshawasha pikipiki na yeye ndiye aliyekuwa akipanda nyuma.

Wakati wote huo Mama alikuwa ameketi mkekani, amevishwa ulos mpya, shuka yetu ya heshima, mabegani, nywele zimepakwa mafuta na kuchanwa vizuri. Alikuwa amefungua mdomo. Alisikia amina ya mwisho, na yeye anajua kwamba baada ya amina kinakuja chakula. Hakuna aliyetia kitu. Tiarma alimkuta bado yuko hivyohivyo, uwanja mtupu, mbwa wanagombea wali. Akampa chai ya sukari, akamlaza. Mama alimuuliza swali moja tu: "Watoto wameshakula?"

Niliposimuliwa hilo, nilikwenda nyuma ya banda la nguruwe nikalia kama mtoto, wala sioni aibu kukuandikia. Lakini nisitoke nje ya hoja. Hoja ni shingo.

7. Nimerudi kwenye Maandiko kutafuta kosa lilipoanzia, na nadhani nimelipata. Yule mtume aliyetufundisha kwamba sisi sote ni viungo vya mwili mmoja alitaja jicho, akataja sikio, akataja mkono na mguu, hata kichwa hakukisahau. Shingo hakuitaja. Mimi simlaumu, huenda alikuwa na haraka. Lakini angeongeza mstari mmoja tu, akasema shingo ni ya nani, Wakristo wangeokolewa na mengi. Kitu kisichopewa mtu, kila mtu anadhani ni chake.

Kwa sababu hizo naleta maombi yafuatayo, nikiamini yatashughulikiwa kwa uzito unaostahili:

Kwanza, dhehebu lolote jipya lisisajiliwe mpaka litaje kwenye fomu ni kipande gani cha nyama litakachopokea, na kwamba aliyekuwa akikipokea kabla yake amekubali kwa maandishi.

Pili, Baraza liwaandikie wataalamu wa mifugo, wamzalishe nguruwe mwenye shingo ndefu inayogawanyika mara tisa bila mfupa kubaki upande mmoja. Watu wamefika mwezini. Hili haliwezi kuwashinda.

Tatu, ikiwa wataalamu watakataa, wachungaji wote tisa wapangwe kwa urefu wa kimo, mrefu kuliko wote apewe shingo, na wengine wamshukuru Mungu kwa alivyowaumba.

Nne, ikiwa hilo nalo halikubaliki, shingo ipigwe marufuku kwa Wakristo wote wa wilaya hii, na atakayekutwa nayo atengwe. Natambua kwamba hatua hiyo itazaa dhehebu la walaji shingo. Kiongozi wake namjua tayari, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Tano na mwisho, Baraza liandike barua kwa Wakristo wote wa mashariki na magharibi, kuanzia walioachana miaka elfu iliyopita, liwaulize kwa upole, bila kuwatisha: siku ile mlipogombana, mlikuwa mmepewa kipande gani? Naamini kabisa ukiwabana vizuri utakuta palikuwa na sahani. Wakishajibu, mimi niko tayari kusafiri, mguu ukiruhusu, nikawakatie upya.

Naomba majibu mapema. Mganga wa zahanati alimpima Mama wiki iliyopita akasema tumpe vitu laini, na kwamba tusipange mambo ya mbali. Nilimuuliza mbali ni wapi. Akafunga mkoba wake.

Msalimie sana yule daktari wa theolojia, mwambie tulipenda Kigiriki chake. Wasalimie wajumbe wote wa Baraza na wake zao. Wasalimie na wachungaji wetu wote tisa ukikutana nao, lakini wasalimie kwa pamoja, kwa mkupuo mmoja, asije mmoja akajiona ametangulizwa.

Horas, horas, horas.

Wako katika imani isiyogawanyika,

Marolop Sinambela (Baba Sabungan),
Mkata nyama wa bonde.

N.B. Ndugu Katibu, barua hii ilichelewa kutumwa, na imebidi niongeze maneno machache.

Nilimpa Tiarma aisome kwa sauti ili aniangalizie makosa. Aliisomea kwa Mama. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Baba yako huyu! Nani alimwambia nataka nguruwe? Meno yenyewe sina tangu Sabungan yuko darasa la pili. Mimi nilitaka watoto." Basi Tiarma, bila kuniuliza, akatuma ujumbe mmoja kwa sote wanne: Njooni sasa hivi, Bibi anawaita.

Kila mmoja alijua ndiyo basi tena. Bonar alikuja mbio na kapu la kahawa bado liko mgongoni. Lamria alikuja na nywele zinadondoka maji. Pardamean alikuja na ndala moja. Mimi nilivuka uwanja nikasahau kwamba nina mguu mbovu. Hakuna aliyekumbuka kumwita mchungaji. Tulimkuta Mama ameketi, mzima, ametukazia macho kama enzi zile tukichelewa kutoka shule. "Mmefika wote?" akauliza. Tukaitikia, "Ndiyo, Mama." "Basi nipeni wali."

Palikuwa na wali laini na mchuzi wa samaki wa jana. Tulimlisha, Ndugu Katibu. Wote wanne, kwa kijiko kimoja tulichopokezana. Alituwekea mkono kichwani mmoja mmoja akatubariki kwa majina yetu ya utotoni, na amina alisema mwenyewe. Bonar alinishika bega. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nimeoa, na nilikwenda nyumbani nikiwa nimeshaamua kuichana barua hii.

Lakini Jumapili yake Bonar alisimama kanisani kwao kutoa ushuhuda kwamba Mungu alimjalia yeye kumpa Mama kijiko cha kwanza. Kijiko cha kwanza kilikuwa changu. Muulize Tiarma. Lamria anasema sote wawili ni waongo na amewaambia hivyo wenzake kule ziwani. Pardamean ameanzisha maombi nyumbani kwake ya wale wanaojua ukweli wa siku ile, na nasikia watu sita wamehudhuria, wakati siku ile, ukimtoa Mama, tulikuwa watano tu pamoja na Tiarma.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza hadi la saba. Pale hapakuwa na shingo. Palikuwa na wali.

Mama aliomba tumlishe tena Jumatano, wote wanne. Nilimtuma Tiarma amwambie kwamba nitavuka uwanja siku Bonar atakaponiomba radhi. Bonar naye alituma maneno hayohayo kunihusu mimi. Leo ni Ijumaa. Tiarma anasema Mama hajagombeza wala hajalia, ila tangu Jumatano anakataa kijiko cha mtu mmoja. Anasema anatungoja.